Kompyuta ndogo ya kiwandani nje ya kiwanda

Kwa wanunuzi wa chuma chakavu hapa Tabora, katikati ya mabati, ringi za baiskeli na majiko yaliyotoboka, huonekana mara moja moja kisanduku cha alumini chenye mapezi ubavuni, kizito kuliko macho yanavyokikadiria, ambacho muuzaji mwenyewe hajui kilikuwa kikifanya kazi gani. Kimoja nilichokinunua kwa bei ya kilo kilikuwa kimefunguliwa kutoka kwenye mizani ya kielektroniki ya kupimia mitumba ya tumbaku. Ndani yake mlikuwa na bodi moja tu, yenye urefu wa milimita 146 na upana wa milimita 102, iliyobeba prosesa, RAM, poti nne za siriali (zile za kizamani zinazopitisha data biti moja moja), poti ya mtandao, na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyoshika nafasi ya hadidiski. Ilikuwa kompyuta kamili, isiyopungukiwa na kitu, na bado zilipita wiki tatu kabla sijaona herufi ya kwanza kwenye skrini.

Hakuna hata siku moja katika wiki hizo iliyopotea kwa sababu ya udhaifu wa prosesa. Nalisema hili mapema kwa kuwa kila kijana anayeingia kibandani kwangu na kuiona bodi ya namna hii huanza na swali lile lile: "Fundi, hii ina kasi gani?" Kasi imeandikwa kwenye chipu na haibadiliki. Kinachoamua kama bodi itakufaa au itakushinda ni mambo yaliyo pembezoni mwake: inakula umeme wa namna gani, plagi zake zina pini za ukubwa gani, na ni programu ipi ambayo bado inaikubali. Kompyuta ya mezani hutengenezwa kwa matarajio kwamba atainunua mtu asiyejulikana na kuichomekea vitu visivyojulikana, kwa hiyo kila tundu lake limefuata desturi ya wote. Bodi ya kiwandani hutengenezwa ili ifungwe ndani ya mashine fulani na fundi mwenye mchoro mkononi, naye mtengenezaji hakuona sababu ya kumfikiria mtu atakayeikuta bila mchoro.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayowachanganya wengi. Mwaka 1992 watengenezaji kadhaa walikubaliana juu ya kipimo kiitwacho PC/104, yaani bodi ya milimita 90 kwa 96 yenye safu za pini 104, ambazo hupenya juu na chini ili bodi nyingine ipachikwe juu yake, kama sufuria zinavyopangwa kabatini. Kipimo cha inchi 3.5, ambacho ndicho cha bodi yangu ya mizani, kilichukua jina lake kwenye diski za ukubwa huo. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa Mini-ITX, ya milimita 170 kila upande, na mwaka 2007 ikaja na Pico-ITX ya milimita 100 kwa 72, ambayo hufunikwa na kiganja. Majina haya yote yanaeleza ukubwa wa bodi na mahali pa matundu ya skrubu. Hayasemi lolote kuhusu prosesa, wala hayakuhakikishii kwamba bodi mbili zenye jina moja zitatumia umeme wa aina moja.

Prosesa zenyewe, kwenye bodi zinazofika mikononi mwetu, kwa kawaida ni za koo chache: Geode LX 800 ya AMD, inayokwenda megahezi 500, Vortex86 za Taiwan, ambazo ni za polepole lakini zinakula umeme kidogo mno, na Intel Atom, kama ile N270 ya mwaka 2008 yenye gigahezi 1.6. Zote ni za uzao wa x86, ule ulioanza na chipu ya Intel 8086 mwaka 1978, na hapo ndipo penye thamani yake kwa mtu anayefanya ufundi kwa kupenda. Programu ya zamani iliyoandikiwa DOS au Windows ya miaka ya tisini inaweza kuwashwa juu yake bila mkalimani yeyote katikati. Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 na ambayo wengi wanaijua zaidi, ni ya uzao wa ARM. Haina BIOS ya kawaida, yaani ile programu ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta, na haiwezi kuendesha programu hizo isipokuwa kwa kuigizia. Niseme wazi kwamba anayeanza, na mwenye pesa ya kununua kitu kipya, nitamshauri achukue Raspberry Pi, kwa sababu maelezo yake yamejaa intaneti na akikwama atapata wa kumsaidia. Bodi ya kiwandani ina maana kwa anayehitaji x86, au poti za siriali za kweli, au kifaa kinachovumilia joto na vumbi, au kwa aliyeiokota kwenye skrepa kama mimi.

Sasa tuje kwenye umeme, mahali ambapo bodi nyingi hufia.

Kompyuta ya mezani ina pawa saplai, kile kisanduku chenye feni kinachopokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 12 kwa waya wa njano, volti 5 kwa waya mwekundu na volti 3.3 kwa waya wa rangi ya chungwa. Bodi za viwandani zimeuacha utaratibu huo, na kila mtengenezaji amejiamulia. Zipo zinazotaka volti 5 peke yake, zipo zinazotaka volti 12, na zipo, ambazo ndizo bora na kwa kawaida ndizo ghali zikiwa mpya, zinazopokea chochote kati ya volti 9 na 36 na kujirekebisha zenyewe. Ubaya ni kwamba makundi yote matatu yanaweza kuwa na tundu lile lile la duara, lililo sawasawa na la ruta ya intaneti. Bodi yangu ya kwanza niliiua kwa njia hiyo. Chaja ya ruta ya volti 12 iliingia vizuri kabisa kwenye tundu la bodi ya volti 5; hapakuwa na moshi wala mlio; taa ya kijani iliwaka kwa muda wa kupepesa jicho, basi. Kando ya tundu palikuwa pameandikwa "5V" kwa herufi ndogo kuliko punje ya ulezi, na mimi nilikwenda kutafuta miwani baada ya kuchomeka.

Kundi la pili, la volti 12, lina mtego mwingine, na huo unatuhusu zaidi sisi tunaotegemea sola umeme unapokatika. Betri tunayoiita ya volti 12 haikai kwenye volti 12. Ikiwa imejaa na imetulia huonyesha takriban 12.7, saa sita mchana, paneli ikiwa inaichaji kwa nguvu, hufika 14.4; na usiku inapokaribia kuisha hushuka chini ya 11.5. Bodi ambayo kitabu chake kinadai volti 12 kwa tofauti ya asilimia 5 inakubali kuanzia volti 11.4 hadi 12.6, na zaidi ya hapo mtengenezaji hana deni nawe. Maana yake ni kwamba betri inayochajiwa imeshavuka mpaka wa juu, na betri iliyochoka imeshavuka mpaka wa chini. Watu wengi huunganisha moja kwa moja na bodi hufanya kazi, wiki, hata miezi, kwa kuwa mara nyingi vifaa vyake vina akiba kidogo ya uvumilivu. Kisha hufa mchana mmoja wa jua kali, na mwenyewe huisingizia bahati. Dawa yake ni kuweka katikati kibadilisha volti cha aina inayoweza kupandisha na kushusha pia, ukakirekebisha kwa mita hadi kitoe 12 kamili kabla hujaigusa bodi. Kwa bodi ya volti 5 kazi ni rahisi zaidi: kibadilishaji cha kushusha tu kinatosha, mradi kiweze kutoa ampia 3 au zaidi, kwa sababu bodi huvuta umeme mwingi katika sekunde za kuwaka kuliko baadaye.

Taabu hiyo ina malipo yake, na hesabu yake ni nyepesi. Betri ya gari aina ya N70 ina takriban saa-ampia 70, ambazo ukizizidisha kwa volti 12 unapata saa-wati 840. Tusitumie zaidi ya nusu, ili betri isiharibike mapema, zinabaki 420. Bodi inayokula wati 6 itakaa juu ya nusu hiyo kwa saa 70, yaani karibu siku tatu mchana na usiku bila jua. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80, tena ikipitia invata ambayo nayo hula sehemu yake, haitazidi saa 5. Skrini haimo katika hesabu hii, na skrini ya kawaida peke yake hula zaidi ya bodi. Kwa hiyo matumizi yanayonufaika kwelikweli ni yale ambayo skrini inazimwa au haipo kabisa.

Joto nalo linahitaji neno moja. Visanduku hivi havina feni, na kwa vumbi la Tabora la mwezi wa Septemba hilo ni jambo jema sana, maana feni ndiyo kitu cha kwanza kufa kwenye kompyuta yoyote hapa. Lakini mapezi ya alumini niliyoyataja mwanzoni hayakuwekwa kwa urembo. Chipu zimegusishwa na kifuniko kwa kipande laini kama mpira, na kifuniko chote ndicho kinachopoza. Ukiichomoa bodi na kuiwasha juu ya meza ikiwa uchi, umeinyang'anya kipoza joto chake. Kwenye bodi za Atom N270 usiangalie prosesa tu, ambayo imepangiwa wati 2.5, chipu kubwa iliyo pembeni yake, inayosimamia picha na kumbukumbu, hutoa joto zaidi ya prosesa, na ndiyo inayosahauliwa.

Baada ya umeme, shida inayofuata ni kuona kitu. Nyuma ya kompyuta ya mezani tundu la skrini ya VGA lina umbo ambalo kila fundi analijua. Kwenye bodi ya mizani, VGA ilikuwa safu mbili za pini zilizosimama katikati ya bodi, bila jina, na poti za siriali zilikuwa hivyo hivyo, pini kumi kumi. Nilikuwa na kebo bapa zilizotoka kwenye kompyuta za zamani na zikakataa kuingia. Ilinichukua muda kutambua kwamba pini hazikuwa na nafasi ile niliyoizoea. Chukua rula ya shule, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya tano katika safu moja: ukipata milimita 10 na ushee, hizo ni pini za kawaida, zenye nafasi ya milimita 2.54, ukipata 8 kamili, ni za milimita 2, na kebo yako haitaingia hata ukiisukuma kwa nyundo. Zipo pia plagi nyeupe za milimita 1.25, ambazo huwezi kuzichomelea kwa risasi bila kikuza macho na mkono uliotulia. Kebo za milimita 2 sijawahi kuzikuta madukani hapa mjini. Mimi huagiza Kariakoo zikaja na basi, na nyingine nimezitengeneza mwenyewe kwa waya mmoja mmoja.

Kebo ikiingia, bado haijakwisha. Poti ya siriali yenye pini kumi kwenye bodi huishia kwenye plagi yenye pini tisa, na duniani kuna desturi mbili za kuzioanisha. Katika moja, namba za pini zinafuatana na mpangilio wa kebo bapa. Katika nyingine, zinafuata hesabu ya plagi yenyewe. Ukitumia kebo ya desturi moja kwenye bodi ya desturi nyingine, hakuna kinachoungua, poti inaonekana kwenye kompyuta kama kawaida, ila hakuna neno linalopita. Hili lilinila siku nne. Na ikumbukwe kwamba poti hii, ikiwa ni ya RS-232, aina ya siriali iliyozoeleka kwenye kompyuta, hutuma volti zinazopanda na kushuka kati ya chanya na hasi, mara nyingi hadi karibu 12, kwa hiyo usiiunganishe moja kwa moja na kifaa cha volti 5 au 3.3 kama Arduino. Weka chipu ya kutafsiri katikati, kama MAX232 kwa volti 5 au MAX3232 kwa volti 3.3.

Upande wa kumbukumbu una habari njema. Bodi nyingi za umri huu hutumia CompactFlash, kadi iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, ambayo ina sifa moja ya ajabu: inaijua lugha ya IDE, ile ya hadidiski za zamani, tangu kuzaliwa kwake. Adapta ya kuigeuza kuwa hadidiski haina akili yoyote ndani, ni nyaya tu. Unaweza kuitoa kadi, ukaisoma kwenye kompyuta nyingine, ukanakili kila kilichomo kabla hujaharibu kitu, jambo ninalolisisitiza kwa sababu ndani ya kadi hiyo mara nyingi mna faili za kuendeshea vifaa vya bodi ambazo hazipatikani tena popote. Kwa DOS ya zamani ya Microsoft, usigawe sehemu moja kubwa zaidi ya gigabaiti 2, maana mfumo wake wa FAT16 haufiki mbali zaidi ya hapo.

Kadi hizi huchakaa kwa kuandikwa. Umeme nao ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, faili huvurugika, na Tabora huhitaji kuambiwa mara ngapi umeme hukatika. Kwa hiyo bodi inayofanya kazi usiku na mchana ipangiwe mfumo unaosomwa tu, bila kuandikwa, na yale machache yanayobadilika yakae kwenye RAM au kwenye sehemu ndogo iliyotengwa. Wakati ukiwa ndani ya BIOS, tafuta mipangilio miwili: ule unaoiagiza bodi iwake yenyewe umeme unaporudi, na ule unaoizuia isigome kwa kukosa kibodi. Mipangilio hiyo kwenye bodi nyingi hushikiliwa na betri ya duara ya CR2032 ya volti 3, na bodi iliyokaa kwenye rundo la chuma miaka kadhaa huwa imeshaimaliza. Ibadilishe kwanza, la sivyo kila utakachopanga jioni kitakuwa kimefutika asubuhi.

Kuhusu mfumo wa kuendeshea, niseme kwa kifupi kwa kuwa uwanja unazidi kuwa mwembamba. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, katika toleo lake la 12 la mwaka 2023 ilianza kudai amri moja ya prosesa ambayo Geode haina, hivyo kwa Geode mwisho ni Debian 11. Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, na Atom N270 ni ya biti 32. FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, bado unaendelea, na toleo lake la 1.3 la mwaka 2022 linafaa sana kwa bodi hizi. NetBSD, mfumo mwingine wa bure, nayo bado inazikumbuka mashine kongwe. Bodi inayobaki na mfumo wa zamani isiachwe wazi kwenye intaneti. Anayetaka kutazama video au kufungua kurasa za kisasa kwa megahezi 500 na RAM ya megabaiti 256 anajitafutia ugonjwa wa moyo.

Michezo ya DOS ni jambo jingine, na ndiyo inayowavuta wengi. Hapa sauti ndiyo kikwazo. Michezo hiyo ilitarajia kadi ya sauti iliyo kwenye njia ya ISA, ile ya zamani ya kuunganishia kadi na bodi, nazo chipu za sauti zilizokuja baadaye haziigizi kadi hizo ipasavyo. Pini 104 za PC/104 ni njia ya ISA yenyewe, imebadilishwa umbo tu, kwa hiyo mwenye bodi ya aina hiyo anaweza kupata sauti halisi kwa kutumia adapta, ilhali mwenye bodi mpya zaidi na yenye nguvu zaidi akabaki na mchezo bubu.

Bodi ya mizani sikuipeleka kwenye michezo. Mama mmoja mfugaji wa kuku, mkazi wa Cheyo, alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo joto lake lilikuwa likiyumba usiku bila yeye kujua hadi siku ya ishirini na moja, mayai yanapokataa. Aliniuliza, "Mwanangu, hakuna kitu cha kuniandikia joto nikiwa nimelala?" Kipo, na kazi hiyo ndiyo hasa bodi hizi zilizaliwa nayo. Kipimajoto cha RS-485, aina nyingine ya siriali, huzungumza kwa waya mbili tu, ambazo zinaweza kufika mamia ya mita, kwa lugha ya Modbus iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo mpaka leo viwanda vinaitumia. Poti moja kati ya nne za bodi yangu ilikuwa ya RS-485. Bodi husoma joto kila nusu dakika, huliandika, na likitoka nje ya nyuzi 37.2 na 38 hupiga kengele kupitia relei ndogo, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Kidhibiti joto cha asili cha mashine sikukiondoa; kompyuta iliyookotwa kwenye skrepa haipaswi kuwa kitu pekee kinachosimama kati ya hita na moto.

Sifa iliyonifanya niichague bodi hii badala ya nyingine ni saa ya ulinzi, ambayo kwenye kompyuta ya mezani ni nadra kuitumia. Ni kihesabio kilichomo ndani ya chipu, kisichotegemea programu, kinachohesabu kurudi nyuma. Programu yako isipokigusa kabla hakijafika sifuri, kinaizima bodi na kuiwasha upya bila kumuuliza mtu. Katika Linux huonekana kama faili iitwayo /dev/watchdog. Ukiifungua tu, hesabu imeanza, na kila ukiandika kitu ndani yake hesabu inarudi mwanzo. Niliipa sekunde 60. Kisha nikaiua programu yangu kwa makusudi, nikakaa na yule mama tukitazama taa: sekunde zikapita, taa ikazimika, ikawaka, na baada ya dakika moja na nusu joto likaanza kuandikwa tena. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine ndani ya kisanduku.

Kwa anayetaka kwenda kwenye rundo la chuma leo, uchunguzi wangu huchukua dakika tano. Natafuta kwanza namba ya modeli iliyochapwa kwenye bodi, si ile ya kwenye kisanduku, maana kisanduku hubeba jina la aliyetengeneza mizani au pampu. Naitafuta kwenye simu hapo hapo nikiwa nimesimama, kuona kama kitabu chake bado kinapatikana, kwa sababu kitabu hicho ndicho chenye ramani ya pini na kiwango cha volti. Naangalia kama kapasita zimevimba vichwa, kama kuna kutu ya kijani karibu na betri ya CR2032, na kama kadi ya kumbukumbu bado imo. Bodi yenye namba na kitabu nailipia hata ikiwa chafu. Isiyo na namba naiacha pale pale, hata muuzaji akinipunguzia hadi nusu.